Mama Kisigino, Pacha Wawili na Chandarua Kimoja

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwatoboa watoto wachanga visigino kwa kibali halali, muuguzi mwandamizi wa kliniki yetu ya utafiti anastaafu. Kwenye jalada lake la utumishi ana jina kamili, lenye heshima zote, lakini jina hilo halitumiwi na mtu yeyote isipokuwa mhasibu, tena akiwa amekasirika. Sisi wengine, kuanzia Profesa hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Kisigino.

Ofisi ya utawala imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu chumba cha takwimu kimepakana na chumba chake, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao nyembamba. Nimeisikia kazi yake yote hata pale nilipokuwa sitaki. Nimeelekezwa niandike kwa ufupi, kwa uchangamfu, na nisiguse mambo yenye utata. Kwenye uchangamfu nimejitahidi.

Alikuja kwetu kutoka wodi ya wazazi ya hospitali kuu, akiwa ameazimwa kwa muda. Mradi ulikuwa wa miaka mitatu. Profesa, ambaye wakati huo alikuwa bado na nywele, aliwahakikishia wafadhili kwamba muda huo ungetosha kabisa kujibu swali moja dogo: kwa nini, kati ya watoto wachanga wa mtaa mmoja wanaoumwa na mbu wale wale, mmoja analazwa kwa malaria kila mvua zikinyesha na mwingine anatambaa zake kama vile hakuna kilichotokea. Swali lile dogo limezaa maswali mengine, na hayo mengine sasa yana wajukuu. Wodi ya wazazi bado inasubiri kurudishiwa muuguzi wake.

Kwa wenzetu ambao hulifungua jarida hili ili kuangalia ratiba ya likizo tu, niseme kidogo kazi yetu ni nini. Mtoto huzaliwa na kinga ya kuazima. Mama humpa akiwa bado tumboni, nayo humlinda miezi ile ya mwanzo. Ikiisha, mtoto anabaki na askari wake mwenyewe, na askari hao hawafanani kutoka mtoto hadi mtoto, kwa kuwa kila mtoto amerithi maelekezo yake kwa baba na mama kwa mchanganyiko wake. Wapo askari wanaomdhibiti kimelea mapema, bila kelele. Wapo wanaochelewa kuamka. Na wapo wakali mno, ambao wakianza kumsaka mgeni huvunja milango na madirisha, mtoto akaumizwa na walinzi wake mwenyewe. Ili kuyajua hayo inatakiwa damu, kidogo lakini mara kwa mara, na mtoto mchanga damu yake ni rahisi kuipata kisiginoni. Hapo ndipo mwenzetu alipoingia.

Sijaona mtu anayetoboa kwa huruma kama yeye. Aliushika mguu wa mtoto kwenye kiganja mpaka ukapata joto, huku akimuuliza mama yake pua ile ni ya upande gani wa ukoo, na sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka kabla mtoto hajakumbuka kulia. Kisha alikumbuka. Shukrani haikuwepo. Waliokwisha kuanza kutembea walimtambua kwa kanzu yake nyeupe akiwa bado mbali, na akienda kununua nyanya kilio kilimtangulia njia nzima hadi gengeni. Akina mama walikuja kugundua kwamba mtoto anayekataa uji anaweza kutishiwa kuitiwa Mama Kisigino, na bakuli likaisha. Hivyo mwanamke aliyehangaika kuliko mtu yeyote mtaani ili watoto wale wawe hai ndiye aliyekuwa zimwi lao.

Jambo hili liliwahi kututia aibu. Wafadhili walikuja na mpiga picha wao, wakataka muuguzi wetu apigwe picha akiwa amempakata mtoto anayetabasamu. Wakajaribiwa watoto wote waliokuwa kwenye foleni. Hakuna aliyetabasamu, na mmoja alimng'ang'ania mpiga picha shingoni akakataa kabisa kuachia. Mwishowe akaazimwa mhasibu, ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa maishani mwake, akavishwa kanzu nyeupe, na mtoto akacheka mpaka fizi zote zikaonekana. Picha hiyo ipo kwenye jalada la ripoti zetu hadi leo. Mhasibu bado hupokea salamu za pongezi kutoka nchi za mbali kwa kujitolea kwake.

Kulikuwa pia na mambo ya vinasaba. Profesa alitoa tangazo kwa akina mama, lugha safi kabisa, kwamba mradi ungechunguza vinasaba vya watoto. Hakujua, au alijua akapuuza, kwamba mtaani neno hilo lina maana moja tu: kumtafuta baba halisi. Kesho yake benchi letu lilikuwa tupu. Mama Kisigino akalazimika kupita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba sisi hatutafuti baba, tunatafuta kinga, na kwamba mambo ya baba kila nyumba iendelee nayo kama ilivyokuwa. Wengi walirudi. Bwana mmoja alikuja mwenyewe kliniki, akaomba kuzungumza naye faragha, akasema mtoto wake tumchunguze tunavyotaka, ila tukikutana na jambo lolote njiani, yeye tusimwambie.

Nimeanza na vichekesho kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa. Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimemuaga mtu mwingine, si huyu.

Zamani kidogo, mradi ukiwa umeshavuka miaka yake mitatu mara kadhaa, tuliandikisha pacha, wa kike na wa kiume. Mama yao alikuwa mshonaji wa sare za shule. Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake ilikuwa uani kwao. Waliishi pamoja na mama mzazi wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Miezi ya mwanzo pacha wote wawili walikwenda vizuri. Kisha wa kiume akaanza homa. Akatibiwa, akapona, akaugua tena, na ikawa hivyo mfululizo. Mashavu yakamwisha. Wa kike, aliyelala naye kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja na kunyonya maziwa yale yale, alikuwa mnene na mchangamfu kama bango la matangazo. Bibi aliitazama hali hiyo akatoa hukumu: mkamwana wake anapendelea. Wa kike ananyonyeshwa kwanza, wa kiume analazwa upande ambao chandarua hakifungwi vizuri. Alilisema hilo kwa majirani, akalisema kwa mwanawe kila alipopumzika kuchomelea, na akalisema kwa mkamwana mwenyewe. Fundi hakukubali wala hakukataa. Alikuwa mtu wa kusubiri mambo yapoe yenyewe.

Na Mama Kisigino, ambaye tunakutana kumsifu, alikuwa upande wa Bibi.

Siku moja ya mizani, benchi likiwa limejaa, mshonaji alimleta wa kiume akiwa na homa tena. Mama Kisigino akamuuliza, kwa ile sauti yake ambayo haihitaji mlango, ni chandarua cha namna gani hicho kinachoruhusu mbu waingie kwa mtoto mmoja tu, au labda chandarua walichopewa kinafunika cherehani. Benchi likacheka. Mshonaji naye alicheka kidogo, kwa kuwa ndivyo mtu anavyofanya akichekwa, akapokea dawa, akamfunika mtoto, akaondoka.

Tangu hapo alikuja kliniki pale tu alipoitwa. Homa ya wa kiume iliporudi, aliificha. Alimpangusa kwa maji, akamwambia Bibi ni meno yanaota, na akawa anamwangalia mtoto huku mguu wake ukiendesha cherehani, akitumaini. Siku ya tatu mtoto alishikwa na degedege mikononi mwake. Fundi alikuja naye akikimbia, mkono mmoja ukiwa bado na glovu ya kuchomelea. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi. Wodini aliwekewa damu, na Mama Kisigino alisimama pale akiwa ameushika ule mguu mdogo, safari hii bila sindano, mpaka mtoto akafungua macho na kumtafuta mama yake.

Ndipo akamuuliza mshonaji, kwa upole, kwa nini alichelewa kiasi kile.

Mshonaji hakuinua uso. "Niliogopa utanisema," alisema.

Mama Kisigino alitoka nje kwenye bomba, akanawa mikono, na akaendelea kunawa mikono iliyokwisha kuwa safi.

Kisha akaingia ofisini kwa Profesa bila kubisha hodi akaomba slaidi za damu za pacha. Nataka nimtendee haki Profesa hapa, maana kwa kawaida simtendei. Hakuuliza sababu. Alikwenda naye maabara, wakaziweka chini ya hadubini moja baada ya nyingine. Ya wa kiume ilijaa vimelea, kama walivyotarajia. Ikaja ya wa kike, iliyochukuliwa wiki hiyo hiyo akiwa anacheka, ananyonya, anaongezeka uzito. Nayo ilikuwa na vimelea, tena si haba.

Mbu hawakuwa wamebagua. Chandarua kilikuwa kimewavujia wote wawili sawasawa. Wa kike alikuwa akitembea na malaria yake kama mtu anavyotembea na mkoba, kwa sababu askari wake walijua kuidhibiti. Wa kaka yake hawakujua. Tofauti haikuwa kitandani wala kifuani mwa mama. Ilikuwa ndani ya damu, na ilikuwepo kabla hawajazaliwa. Profesa alilieleza hilo kwa michoro mitatu, na Mama Kisigino alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake wala yetu. Wa kike naye akaitwa akapewa dawa, akaudhika sana.

Sasa, nyumbani kwa fundi mambo yalikuwa yameiva. Bibi alikuwa ameshapanga: mkamwana arudi kwao na yule mtoto wake kipenzi, na wa kiume apelekwe kwa ndugu mmoja mbali, ambako hakuna kliniki wala uzembe, akalelewe na watu wenye huruma. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa. Kwa mtoto aliyekuwa ametoka kuongezewa damu, safari ile ilikuwa ya kwenda bila kurudi, na Mama Kisigino alilijua hilo.

Akataka kwenda kuwaeleza. Hapo akakutana na vizuizi viwili. Cha kwanza kilikuwa kamati ya maadili, ambayo hairuhusu majibu ya mtoto mmoja mmoja yatolewe kabla haijakaa, na ambayo ilikuwa imetoka kukaa. Cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Angewaambia nini? Kwamba pacha hawa, waliotoka tumbo moja, vinasaba vyao vimetofautiana? Katika mtaa ule? Bibi angesikia jambo moja tu, kwamba kliniki imethibitisha baba wawili, na mshonaji asingefukuzwa kwa uzembe tena bali kwa jambo ambalo mtu halifuti maisha yake yote.

Profesa alifikiri, akasema hawezi kumruhusu kutaja majibu yoyote. Hata hivyo, akaongeza, hakuna kinachomzuia muuguzi kwenda kuomba radhi. Kamati ya kushughulikia radhi bado haijaundwa.

Nilimsindikiza, kwa kuwa nilikuwa na dodoso la kujaza mtaa huo. Tulimkuta Bibi uani akichambua maharage kwenye ungo. Fundi alikuwa anasugua bawaba kwa tupa. Mshonaji alikuwa ndani, cherehani ikiwa kimya. Mama Kisigino alikaa kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa mara ya pili.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilimsema mkamwana wako mbele za watu, na nilikosea. Mtoto haugui kwa uzembe."

Bibi hakuacha kuchambua. Alisema haya maneno ya kliniki anayajua, yanabadilika kila wiki. Kama si uzembe ni nini basi, ikiwa ziwa ni moja na chandarua ni kimoja, na mmoja anakufa huku mwingine anacheka?

Mama Kisigino alimuuliza yeye amezaa wangapi. Wanne, alisema Bibi. Na utotoni, mtu wa homa alikuwa nani? Bibi akaelekeza kidevu kwa fundi: huyo hapo, alimlaza hospitali mpaka wauguzi wakamzoea. Na aliyemfuata? Yule wa kike? Yule, alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, yule hata mafua hakuyajua.

"Na baba yao ni mmoja?"

Tupa ikanyamaza. Mimi nikalitazama dodoso langu kwa bidii kubwa. Bibi akaweka ungo chini.

"Unaniuliza nini wewe?"

"Nakuuliza swali ambalo sitaki mtu aje kumuuliza mkamwana wako."

Ninakumbuka nilitamani mtu yeyote aanze kuchomelea kitu. Bibi alimwangalia muuguzi, kisha mwanawe, kisha mlango ambao nyuma yake mshonaji alikuwa amekaa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema baba yao ni mmoja, na yeye hakumnyima mtoto wake yeyote kitu. Lakini mama mkwe wake alidai kwamba anamnyima huyu wa kiume chakula ili amlishe wa kike. Mama mkwe huyo akamrudisha yeye, Bibi, kwao kwa ajili hiyo, msimu mzima wa mvua, huku mtoto akiwa amebaki. Alipomrudia alimkuta mifupa mitupu. Hakuwahi kumsimulia mtu.

Fundi alikuwa hajui. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto na karakana, na ndiyo kwanza anasikia kwamba aliwahi kutenganishwa na mama yake. Aliweka bawaba chini, akaingia ndani. Hatukusikia alichomwambia mkewe. Baada ya muda tukasikia cherehani.

Mama Kisigino hakusema neno la kinasaba hata moja siku ile, na kamati ya maadili haina cha kumlaumu. Nguo za mtoto zilifunguliwa. Bibi hakugeuka malaika. Aliendelea kumsema mkamwana kuhusu chumvi, kuhusu mapazia, na kuhusu namna anavyofagia. Ila kuhusu mtoto hakumsema tena, na kila homa ilipoanza yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtoa nje akimwambia mkamwana aache sare za watu, waende. Wa kiume aliugua tena mara nyingi. Lakini alifika kliniki mapema kila mara, kwa sababu mama yake hakuwa na kitu cha kuogopa tena njiani, na taratibu mwili wake ukajifunza kwa shida yale ambayo dada yake aliyapata bure.

Leo wa kiume anachomelea mageti na baba yake, ana mabega ambayo hayapiti mlangoni kirahisi. Dada yake yupo chuoni kwenye mji wa baridi, na kwa taarifa za mama yao anaugua mafua mwaka mzima.

Matokeo ya utafiti yalichapishwa pia, na yanaheshimika. Majina ya waandishi yanajaza ukurasa wa kwanza na kumwagikia wa pili, na hitimisho linasema kwamba tofauti za kurithi za kinga zina mchango katika namna watoto wachanga wanavyoathirika na malaria, na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Nilikokotoa takwimu zake mimi, kwa hiyo najua ni kweli. Jina la Mama Kisigino limo mwishoni, kwenye shukrani, likiwa na makosa mawili ya herufi. Aliponionyesha alicheka mpaka akakaa chini.

Nilimpa rasimu ya wasifu huu aisome. Alikata sifa zote nilizokuwa nimeweka katika aya za mwanzo, akaliacha kosa lake lilivyo, na pembeni akaandika kwamba pale pa benchi nimempunguzia ukali. Utawala nao wamesoma, wakauliza kama hadithi ya pacha haiwezi kubadilishwa na ile ya keki ya maadhimisho. Haiwezi.

Wiki iliyopita, Mama Kisigino akiwa tayari anagawa vitu vyake, aliingia binti mmoja mwenye mtoto wa miezi michache, mtoto anachemka. Niliyasikia yote kupitia mbao zetu. Binti alianza kujieleza kabla hajaulizwa: kwamba alitaka kuja jana, kwamba mume alisafiri, kwamba chandarua anacho ila kimetoboka. Mama Kisigino alimwacha amalize.

"Umefika," alimwambia. "Kaa, nimpokee."

Kisha nikasikia kimya kile ninachokijua, cha mguu mdogo unapopata joto kwenye kiganja, halafu kilio.

Mama Kisigino, kwa niaba ya Profesa, maabara, mhasibu wa picha, mlinzi wa getini na chumba cha takwimu, ahsante. Mashuka yako yawe safi, magoti yako yapate nafuu, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi, ndefu, na zisizo na zamu.